Shilingi 850 kwa mtoto: ni rahisi au ni ghali? Jibu kwa mweka hazina wa bodi ya shule

Swali: "Assalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu na ni mweka hazina wa bodi ya shule moja ya umma huku Kisauni, Mombasa. Kampuni moja ya kusafirisha mizigo bandarini imetupa shilingi 600,000 za ustawi wa wanafunzi. Shirika fulani limetuletea mradi wa afya ya akili kwa wanafunzi wetu wote 600 wa Gredi ya 7 hadi ya 9: vipindi kumi, kimoja kila wiki, kwa shilingi 850 kila mtoto. Ripoti yao yasema kati ya watoto waliokuwa na dalili za huzuni na wasiwasi, saba katika kila kumi walipata nafuu. Mwalimu mkuu ameridhika. Mwenzetu mmoja kwenye bodi ataka pesa hizo zitengeneze milango ya vyoo vya wasichana. Mwingine asema tuajiri mshauri nasaha, ambaye tutamlipa kama 35,000 kwa mwezi. Mwaka jana tulimpoteza mtoto mmoja kwa kujiua, na sitaki tukosee. Tena mfadhili ataka mwisho wa mwaka tumwandikie idadi ya watoto waliofikiwa. Nitajuaje kama mradi huu unastahili pesa zake?"

Waaleikum salaam, dada yangu. Kwanza poleni sana kwa msiba wa mtoto huyo. Shule iliyopitia jambo kama hilo huwa na haraka ya kufanya kitu, chochote kile, na haraka hiyo naielewa. Lakini ndiyo pia inayowafanya wazazi wema na walimu wema kutia sahihi mikataba bila kuisoma.

Nikikusikia vizuri, umuhimu wa afya ya akili ya watoto huna shaka nao. Unachouliza ni hiki: shilingi 510,000 zikishatoka, kuna mtoto ambaye hali yake itakuwa bora kuliko ambavyo ingekuwa zisingetoka? Swali ni hilo hasa, na ripoti uliyoletewa haijalijibu.

Uhitaji upo, wala usikubali mtu akwambie haya ni mambo ya watoto wa matajiri. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17, uliotolewa mwaka 2022, ulikuta takriban 44 kati ya kila 100 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili ndani ya mwaka mmoja, na kama 12 kati ya kila 100 walifikia kiwango ambacho daktari angekiita ugonjwa. Kwa wanafunzi wako 600, hao kumi na mbili kwa mia ni watoto sabini na kitu. Sasa tuone kama mradi huu utawafaa.

Tuanze na hiyo "saba katika kila kumi". Sisi watu wa pwani twajua bamvua. Ukienda kupima maji Mtongwe siku ya bamvua, yakiwa yamejaa hadi mwisho, kisha ukarudi siku nyingine yoyote, utayakuta yamepungua, na wewe hukuyafanya lolote. Huzuni na wasiwasi wa mtoto wa miaka 13 nao hupanda na kushuka: kwa mtihani, kwa ugomvi wa rafiki, kwa baba aliyekosa kibarua, kwa usiku aliolala njaa. Shirika linapopima watoto wote na kuchagua wale ambao siku hiyo alama zao za huzuni na wasiwasi ziko juu kabisa, limewachagua wakiwa kileleni. Wiki kumi baadaye wengi wao watakuwa wameshuka, hata kama hakuna mtu aliyewasemesha. Wanatakwimu wameijua tabia hii tangu karne ya 19, na bado ndiyo inayopamba ripoti nyingi za miradi.

Yako mambo mengine mawili yanayoipandisha namba hiyo. Watoto humjibu mgeni aliyewachezesha na kuwapa soda kwa namna ya kumfurahisha, hasa ikiwa ni yeye mwenyewe anayekusanya karatasi. Na waliotoroka shule au kuacha katikati, ambao aghalabu ndio wenye shida kubwa zaidi, hawapo siku ya kupima mara ya pili. Waulize shirika: saba katika kumi ya nani? Ya wote walioanza, au ya waliobaki?

Kwa hiyo namba unayoihitaji ni ya watoto waliopata nafuu ambao bila mradi wasingeipata. Ili kuijua lazima kuwe na watoto wa kulinganisha nao, wa shule na umri kama huo, waliopimwa siku zile zile bila kupewa mradi.

Nikuonyeshe kwa mfano wa kufikirika, na wewe ni mweka hazina, hesabu hii utaifuata upesi. Tuseme kati ya wanafunzi wako 600, watoto 120 wana alama za juu mwanzoni. Baada ya mradi 84 wamepata nafuu, yaani saba katika kumi, kama ripoti isemavyo. Ukigawanya 510,000 kwa 600 unapata 850, namba uliyoonyeshwa. Ukigawanya kwa 84 unapata kama 6,070. Sasa tuseme kwenye shule ya jirani isiyo na mradi, kati ya watoto 120 kama hao, 60 walipata nafuu wenyewe. Tofauti ni watoto 24. Gawanya tena: shilingi 21,250 kwa kila mtoto ambaye mradi umembadilisha. Na kama kule jirani waliopata nafuu wenyewe walikuwa 78, tofauti ni watoto sita, na kila mmoja amegharimu 85,000. Wakiwa 84, hakuna bei ya kutaja, kwa kuwa hakuna kilichonunuliwa. Ripoti ni ile ile na "saba katika kumi" ni ile ile, ila bei yaweza kuwa 21,250 au isiwe na mwisho.

Hata hiyo 510,000 si gharama yote. Tuseme watoto wako 600 wako hamsini hamsini kwenye madarasa 12: mara vipindi kumi ni vipindi 120. Kwa dakika 40 kila kimoja, ni saa 80 za masomo. Saa hizo zina mwenyewe: ni hisabati, ni michezo, ni maktaba. Kuna kuchapisha karatasi. Kuna nauli ya mzazi atakayeambiwa ampeleke mtoto hospitali, na kibarua atakachokosa siku hiyo. Kuna mwalimu atakayefunzwa kuendeleza mradi, kisha TSC, tume inayoajiri walimu, ikamhamisha muhula unaofuata na ujuzi ukaondoka naye. Hili la mwisho nimeliona likiua miradi mingi kuliko ukosefu wa pesa, na sijaona hata pendekezo moja lililolitia kwenye hesabu.

Nije kwenye utafiti, maana hapa pana utajiri ambao bodi nyingi hazijausikia. Fikra iliyozoeleka ni kwamba mradi wa darasa zima, hata usipofaa, haudhuru. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza, shule zaidi ya 80 na wanafunzi zaidi ya 8,000, uliopima mafunzo ya kutuliza akili darasani. Hayakuwa bora kuliko masomo ya kawaida ya stadi za maisha ambayo shule zilikuwa zikiyatoa tayari, na hayakuonekana kustahili gharama yake. Mwaka uliofuata, nchini Australia, vijana zaidi ya 1,000 walilinganishwa: baadhi walipewa wiki nane za mafunzo ya kudhibiti hisia, wengine wakaendelea na masomo ya kawaida. Mara tu baada ya mafunzo, waliofunzwa walikuwa na dalili za huzuni na wasiwasi zaidi kidogo kuliko wenzao, na uhusiano wao na wazazi ulikuwa umezorota. Maelezo ninayoyaona ya kuaminika ni kwamba mtoto aliyefundishwa kuziangalia hisia zake kila siku, bila mtu wa kumsaidia kuzibeba, huishia kuzizungukazunguka.

Usikate tamaa lakini. Ulaya, katika nchi kumi, wanafunzi zaidi ya 11,000 walihusishwa kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu kuzuia kujiua. Njia tatu zilijaribiwa. Kuwafunza walimu kutambua dalili, peke yake, hakukuleta tofauti. Kuwapima watoto na kuwaelekeza kwa wataalamu, peke yake, hakukuleta tofauti ya wazi. Njia ya tatu, ambapo wanafunzi wenyewe walizungumza na kuigiza matatizo yao kwa saa chache ndani ya wiki nne, ilipunguza majaribio ya kujiua kwa karibu nusu baada ya mwaka mmoja. Mradi wa darasa zima waweza kufaa, basi. Jina "afya ya akili" juu ya jalada ndilo lisilokuhakikishia lolote.

Na nani anautoa ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Jimbo la Bihar, India, shule 74 za sekondari ziligawanywa kwa kura. Baadhi zilipewa mradi wa kuboresha hali ya shule nzima ukiendeshwa na mshauri wa kawaida, si mwanasaikolojia, aliyefunzwa kwa kazi hiyo. Kulikuwa na sanduku la wanafunzi kuandika malalamiko yao, kanuni za kuzuia uonevu, na nafasi ya kumwona mshauri faraghani. Nyingine zilipewa mradi huo huo ukiendeshwa na mwalimu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: kwa mshauri, huzuni ilipungua, uonevu ulipungua, na wanafunzi waliona shule yao kuwa mahali pazuri zaidi. Kwa mwalimu, hakuna kilichobadilika. Uingereza waliona jambo la kufanana mwaka 2014 kwa watoto wa miaka 9 na 10: mafunzo yale yale ya kupunguza wasiwasi yalifaa yalipotolewa na watu wa afya waliotoka nje, hayakufaa yalipotolewa na walimu.

Walimu wasichukulie haya kuwa tusi. Mwalimu mwenye watoto 50 na silabasi isiyomngoja hana muda, na mtoto hamfungulii moyo mtu anayemsahihishia mtihani na kumwadhibu. Ila kwa mweka hazina ina maana hii: njia iliyoonekana ya bure, "mwalimu atafanya", ndiyo iliyokula muda wa watu bila kuleta kitu.

Hapa kwetu Kenya pia tunao ushahidi. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa tayari na dalili za huzuni au wasiwasi. Nusu walipewa mradi uitwao Shamiri: vipindi vinne tu vya saa moja, katika vikundi vidogo, vikiongozwa na vijana waliomaliza sekondari na kupewa mafunzo mafupi. Nusu nyingine walifundishwa mbinu za kusoma kwa muda ule ule, ili isije ikawa kilichofaa ni kule kukaa pamoja tu. Waliopata mradi walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao, na tofauti ilikuwa bado ipo miezi saba baadaye. Vijana kama hao Kisauni wamejaa, wamemaliza shule na wanangoja kazi.

Kwa hiyo warudie shirika lako na maswali. Mradi huu umewahi kulinganishwa na watoto wasioupata? Watoto walipimwa tena baada ya miezi sita, au siku ya mwisho tu, siku ya sherehe na vyeti? Nani anafundisha, na nani anamsimamia anayefundisha? Walitumia hojaji gani, yaani karatasi gani ya maswali ya kupimia? Zipo hojaji zinazojulikana na zenye tafsiri ya Kiswahili, kama ile ya maswali 25 kuhusu nguvu na matatizo ya mtoto, na hakuna sababu ya shirika kutunga ya kwake. Kwa nini vipindi kumi na si vinne? Wakijibu kwa hamaki, umeshapata jibu.

Chaguo lako la pili, mshauri wa 35,000, kwa miezi tisa ya masomo ni 315,000. Hatawafikia watoto 600. Pengine atawaona 60 vizuri. Lakini hao ni wale wenye shida kweli, wapo wa kuwaona Februari na wapo wa kuwaona Septemba, na akiondoka chumba cha ushauri kinabaki kimejulikana. Hatari yake ni moja: mshauri asiyesimamiwa huishia kufundisha somo la mwalimu aliyekuwa likizo, au kugeuzwa mtu wa nidhamu. Mkimwajiri, andikeni kwamba hafundishi, haadhibu, na kila mwezi anakaa na mtaalamu mkubwa zaidi kujadili kesi zake.

Na mwenzako wa milango ya vyoo, tafadhali msimcheke. Msichana wa miaka 13 anayeogopa kwenda choo kisicho na mlango ana wasiwasi ambao hautatibiwa na kipindi chochote. Fundi atakupa bei kwa siku moja na hutahitaji kundi la kulinganisha kujua kama mlango umefungwa. Fedha za ukarabati zina njia nyingine za kutafutwa, na hilo ndilo linalonifanya nisiiweke milango kwanza kwenye pesa hizi. Ila zitafutwe kweli.

Ningekuwa mimi kwenye kiti chako, ningefanya hivi. Mshauri, 315,000. Mradi wa shirika kwa madarasa sita tu kati ya 12, yaani watoto 300, kwa 255,000. Hizo ni 570,000, na 30,000 zinazobaki ziwe za nauli za rufaa na uchapishaji. Madarasa sita yachaguliwe kwa kura mbele ya wazazi, majina kwenye karatasi ndani ya kofia, asiwepo wa kusema mwalimu fulani amependelewa. Watoto wote 600 wapimwe siku moja kabla, wapimwe tena mwisho wa muhula, na tena baada ya miezi sita, na karatasi zikusanywe na mtu asiyelipwa na shirika. Mshauri atahudumia pande zote mbili, kwa hiyo hatavuruga ulinganisho. Mradi ukionekana umefaa, madarasa mengine yaupate mwaka ujao, na mkataba useme hivyo tangu sasa.

Matokeo msiyasome kupita kiasi. Watoto wa madarasa mawili hucheza pamoja na kupeana walichofundishwa, na madarasa 12 ni machache. Kila upande ukiwa na watoto kama 60 wenye alama za juu, tofauti ya watoto watatu au wanne yaweza kuwa bahati tu. Tofauti ya 12 au zaidi, ikiwa bado ipo baada ya miezi sita, hapo mkae mzungumze. Kwa kupanga upimaji na kusoma namba tafuteni mtu ana kwa ana: idara ya afya ya kaunti, au Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, ambako pia watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, wamefanya kazi ya afya ya akili ya watoto kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mradi wa utafiti aweza kuwafanyia kazi hii kwa gharama ndogo.

Kuna sharti moja ambalo silipunguzi. Msimuulize mtoto swali ambalo hamko tayari kulisikia jibu lake. Hojaji ikiuliza kuhusu mawazo ya kujiua, lazima mtu azisome karatasi siku hiyo hiyo na mtoto aliyejibu ndiyo azungumziwe siku hiyo hiyo, kabla hajarudi nyumbani. Idhini ya wazazi ichukuliwe mapema, na karatasi zenye majina zifungiwe. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 yadai hivyo, na heshima ya mtoto pia.

Na mtoto anayesema anataka kufa, anayejikata, aliyeacha kula au kulala, anayesikia sauti, anayedhulumiwa nyumbani, au aliyeanza kutumia dawa za kulevya, hangoji kura wala mradi. Apelekwe hospitali kuu ya Coast General, akiandamana na mtu mzima anayemwamini. Simu ya watoto ni 116, bure. Ya Msalaba Mwekundu ni 1199, bure pia. Wazazi wengi hunyamaza wakiogopa polisi. Waambieni kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Na kwa kuwa mlimpoteza mtoto mwaka jana, darasa lake na ndugu zake waangaliwe kwa karibu sasa hivi, na mtaalamu aje shuleni kuwaona, hata kabla bodi haijakutana.

Kuhusu mfadhili: mwandikieni idadi aliyoiomba, kisha chini yake muongeze mistari mitatu. Watoto wangapi walianza na alama za juu kila upande. Wangapi kati yao walikuwa na nafuu baada ya miezi sita kila upande. Na watoto wangapi waliopelekwa hospitali walifika kweli wakaonwa. Mtu wa bandarini anajua tofauti ya kontena lililopakiwa na kontena lililopokelewa, hatahitaji maelezo marefu. Mpeni taarifa hiyo kabla hajatia pesa za mwaka wa pili, na kama namba ni mbaya mpeni vile vile, pamoja na pendekezo la mahali pa kuzipeleka.